Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Hospitali Yetu ya Rufaa: Mguu Uliovunjika Sio Uliomuua Mwanangu

Kwa:
Mganga Mfawidhi wa Hospitali,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali.

YAH: MAPOKEZI NA MATIBABU YA MAJERUHI WENYE MAJERAHA MENGI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Ndivyo nilivyoanza barua yangu ya kwanza kwenu, ile niliyoikabidhi masjala na nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliianza vivyo hivyo. Kisha nikaitwa kwenye kikao kimoja, nikapewa pole na chai, nikaambiwa, "Mama, tumekusikia, tutalifanyia kazi." Miezi saba imepita. Jumamosi iliyopita nilikuwa pale mapokezi na jirani yangu aliyeanguka bafuni, nikashuhudia majeruhi wengine wawili wa ajali wakipokelewa kwa utaratibu uleule. Ndiyo sababu barua ya tatu naiandika hadharani.

Sijaja kumtukana mtu. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi miaka 31, mingi kati ya hiyo wodi ya upasuaji ya wanaume, mkoa mwingine. Nazijua zamu za usiku za watumishi wawili kwa wagonjwa arobaini. Ninayoyasema hapa nayasema kama mtu wa ndani aliyejikuta amesimama nje ya mlango ameshika begi la mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa mtoto wa dada yangu. Kwetu huyo ni mwanangu, sina neno jingine la kumwita. Alikuwa na miaka 24, dereva wa bodaboda. Saa 1:40 usiku aligongwa na lori kwenye barabara kuu. Kofia ngumu alikuwa ameivaa, na kichwa chake kilikuwa salama. Wenzake wa kijiweni walimnyanyua mzobemzobe wakamlaza kwenye pikapu iliyobeba nyanya, wakamfikisha kwenu saa 2:25. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa umetokeza nje. Kila aliyemsogelea aliutazama mguu. Yeye mwenyewe hakuulalamikia sana. Aliniambia, "Mama mdogo, nina kiu." Baada ya dakika chache akarudia. Kiu ile naifahamu, na mpaka leo najilaumu kwamba sikupiga kelele pale pale.

Alipimwa mapokezi: presha 110/70, mapigo ya moyo 128 kwa dakika. Kwenye karatasi pakaandikwa kwamba hali yake inaridhisha. Vijana wakatumwa polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mimi nikaelekezwa dirisha la malipo. Akawekwa kwenye kiti cha magurudumu, akasukumwa kuvuka uwanja hadi jengo la pili kupigwa picha ya mguu, akarudishwa, akasubiri, akafungwa gango. Saa 4:50 alipoanza kuweweseka ndipo presha ilipopimwa mara ya pili. Ilikuwa 70/40. Damu ilipatikana saa 6:20, akaingia chumba cha upasuaji saa 7, na saa 8:10 usiku akafariki. Daktari wa upasuaji, ambaye alitolewa kitandani kwake usiku ule na ambaye namshukuru, aliniambia ukweli bila kuzunguka: bandama lilikuwa limepasuka, na fupanyonga limevunjika sehemu mbili.

Kwa msomaji asiye wa fani, naomba nieleze jambo moja, maana kila kitu kingine kinasimama juu yake. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu hiyo, yaani lita moja na nusu, na namba ya juu ya presha yake bado ikasomeka vizuri, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia. Kinachosema ukweli mapema ni mapigo kwenda mbio, ngozi ya baridi yenye jasho, pumzi za harakaharaka, wasiwasi, kiu. Presha ikishaporomoka ujue mwili umeishiwa mbinu. Kwa hiyo 110/70 yenye mapigo 128 haikuwa hali ya kuridhisha hata kidogo. Mguu ulikuwa unapiga kelele, tumbo limenyamaza, na sote tukaufuata wenye kelele.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Majeruhi hana mwenyewe. Nilihesabu watu sita waliomgusa mwanangu kabla ya saa 4:50. Mmoja alimpima, mmoja aliandika, mmoja alimsukuma, mmoja alipiga picha, mmoja alisafisha kidonda, mmoja alifunga gango. Kila mmoja alifanya kipande chake, na wengine walikifanya vizuri. Gango lile hata mimi nisingelifunga vizuri zaidi. Ila hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye ungemuuliza, "Huyu ni wa nani usiku huu?" akajibu, "Ni wangu." Kwenye majeraha mengi lazima awepo kiongozi mmoja anayesimama miguuni pa kitanda, anayeona mwili mzima na kuwagawia wengine kazi. Si lazima awe bingwa. Anaweza kuwa tabibu au muuguzi mwenye mafunzo, alimradi zamu nzima inajua ni yeye.

2. Hakuna mpangilio wa uchunguzi. Utaratibu upo, unafundishwa dunia nzima, na hauhitaji mashine. Kwanza njia ya hewa, huku shingo imetulizwa. Pili upumuaji: je, pande zote mbili za kifua zinanyanyuka, au upande mmoja umejaa hewa na kulikandamiza pafu? Tatu mzunguko wa damu: inavuja wapi, ya nje na ya ndani? Nne fahamu. Tano kumvua nguo zote, kumgeuza umtazame mgongo, kisha kumfunika asipate baridi. Ukikuta tatizo unalitatua hapo hapo kabla ya kwenda hatua inayofuata, na hali ikibadilika unaanza upya. Mguu uliovunjika, hata uwe umetokeza mfupa, unakuja baada ya hayo, isipokuwa kama unamwaga damu.

Mpangilio huu wenyewe ulizaliwa kwa malalamiko kama haya yangu. Februari 1976 daktari wa mifupa wa Kimarekani, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe huko Nebraska. Mkewe alifia pale pale, watoto wao wakaumia vibaya. Aliwahudumia shambani gizani, na alipofika hospitali ndogo ya jirani akakuta huduma wanayopewa ni duni kuliko ile aliyowapa yeye kwa mikono mitupu. Hakunyamaza. Yeye na wenzake waliandaa mafunzo, kozi ya kwanza ikafanyika 1978 katika mji wa Auburn kulekule Nebraska, na mwaka 1980 chama cha madaktari wa upasuaji cha Marekani kikaichukua na kuieneza. Naikumbusha hadithi hii kwa sababu katika kikao chetu mmoja wenu alisema utaratibu huo ni wa nchi tajiri. Ulianzia kijijini, Waheshimiwa, kwenye hospitali ndogo iliyokuwa inakosea.

Na ng'ambo ya mto kutoka jimbo hilohilo, katika mji wa Sioux City, ndiko walikotibiwa watoto watatu wetu walionusurika ajali ya basi la shule Karatu, Mei 2017, iliyoua wanafunzi 32. Walikuwa wamevunjika viungo vingi. Taifa zima lilishangilia waliporudi Agosti ile. Wengi tunaikumbuka ndege iliyowapeleka. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya ndege kulikuwa na wahudumu wa afya wa kujitolea waliokuwa wanapita barabara ile kwa bahati, wakasimama na kuwahudumia palepale bondeni. Majeruhi wa kwetu hawezi kuishi kwa kutegemea nani kapita njia siku hiyo.

3. Mwanangu hakuvuliwa nguo. Jinzi ilikatwa mguu mmoja tu, fulana ikabaki. Ubavu wa kushoto, chini kabisa ya mbavu, ulikuwa na mchubuko mweusi mpana kama sahani, mahali hasa lilipo bandama. Nauelezea vizuri kwa sababu niliuona. Niliuona mochwari.

4. Nyonga haikufikiriwa. Kijana ametupwa na lori, anakalishwa kwenye kiti cha magurudumu wima huku fupanyonga limeachana! Kila mtikiso wa ule uwanja wenu wenye mashimo ulikuwa unaongeza uvujaji. Nyonga iliyovunjika inaweza kumeza damu nyingi bila tone moja kuonekana nje. Tiba yake ya kwanza ni shuka. Shuka ya kawaida, au kanga, inazungushwa na kukazwa usawa wa vile vifundo viwili vya mfupa vilivyo pembeni mwa mapaja juu, si kiunoni kama wengi wanavyokosea, kisha magoti yanafungwa pamoja, na mgonjwa anabaki amelala hadi itakapothibitika vinginevyo. Mimi nilikuwa na kanga mbili mwilini usiku ule. Hakuna aliyeniomba hata moja.

5. PF3 na dirisha la malipo vinatangulia uhai. Mnisamehe, hapa najizuia. Najua fomu ya polisi ina kazi yake mahakamani na kwenye bima. Inaweza kujazwa hata kesho yake. Vijana wawili wenye damu safi ya kumchangia mwenzao walitumia saa nzima na dakika kumi kituoni wakisubiri askari wa zamu, na waliporudi ndipo wakaambiwa inatakiwa damu. Nanyi wenyewe kikaoni mlisema agizo ni mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza. Basi agizo hilo halijafika dirishani. Karatasi iliyobandikwa pale ukutani, ambayo Jumamosi iliyopita niliisoma tena, bado inasema "Majeruhi wote waje na PF3."

6. Dawa na damu. Kuna dawa ya kuzuia damu isiendelee kuvuja, asidi traneksamiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika hospitali 274 za nchi 40, ulionyesha kuwa inapunguza vifo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Gramu moja kwenye mshipa kwa dakika kumi, kisha gramu nyingine kwa saa nane. Si dawa ya gharama ya kutisha. Ila ina sharti: itolewe ndani ya saa tatu tangu kuumia, na mapema ndiyo bora, baada ya hapo haisaidii na inaweza kudhuru. Mwanangu aliumia saa 1:40. Saa tatu zake ziliisha saa 4:40, yaani dakika kumi kabla hamjampima presha ya pili. Dawa ilikuwepo, niliambiwa baadaye, kwenye kabati la wodi ya wazazi. Damu ya kundi O nayo ilikuwepo kidogo benki, lakini aliyekuwa na ufunguo alikuwa ameenda kula.

7. Usafiri. Hili nitalisema kwa ufupi, maana si lenu peke yenu. Mama mjamzito au aliyejifungua, na mtoto mchanga, akipata dharura kijijini, ndugu wanapiga 115 bure na mfumo wa m-mama unamtafutia gari, hata kama ni teksi ya dereva wa jamii aliyesajiliwa na kulipwa. Inafanyika, tunaiona kwa macho. Majeruhi wa barabarani anakuja juu ya nyanya. Nawaomba Ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa waanze mazungumzo ya kutumia madereva haohao, waliokwisha kuzoea kazi hiyo, kwa majeruhi walio kandokando ya barabara kuu, na vijana wa vijiwe vya bodaboda wafundishwe kumbeba mtu amenyooka.

Sasa najua mtakachojibu, kwa sababu sehemu yake nilikwisha kujibiwa.

Mtasema watumishi ni wachache. Ni kweli kabisa, nami nitaandika barua nyingine Dodoma kwa ajili hiyo mkinituma. Lakini watu sita walimhudumia mwanangu. Upungufu wa usiku ule haukuwa wa mikono.

Mtasema bajeti. Jengo letu la dharura lilijengwa kwa fedha za UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3 zilizotangazwa 2021. Ni jengo zuri, vigae vinang'aa, mashine ya altrasaundi ipo. Kuipitisha ile mashine juu ya tumbo kutafuta damu kunachukua dakika chache. Usiku ule ilikuwa imefungiwa ofisini kwa sababu, nukuu, "ni mali ya serikali." Mwanangu sijui alikuwa mali ya nani.

Mtasema hapa si Muhimbili. Hapana, si Muhimbili. Hata Muhimbili haikuwa na idara kamili ya dharura hadi mwaka 2010, na mwaka huohuo ndipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kilipoanza kufundisha madaktari bingwa wa dharura. Walianza na walichokuwa nacho. Na kwa wasio mabingwa, Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa mwaka 2018 mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura ya siku tano, yaliyotengenezwa kwa hospitali kama yetu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi yalikojaribiwa. Siku tano tu. Semina za posho tunazoziona zikifanyika ukumbini kwenu ni ndefu kuliko hizo.

Mtasema, na hili lilisemwa kwa upole sana, kwamba kwa majeraha yale labda angekufa tu. Labda. Nimeona walioumia zaidi yake wakitoka kwa miguu yao, na walioumia pungufu wakifa. Kwa kuwa hakuna aliyeangalia, hakuna anayeweza kusema. Ndiyo maana niliomba kikao cha kupitia kifo chake, kama mnavyofanya kila mama anapofariki katika uzazi. Mnajua kukifanya kikao hicho. Mnakaa, mnapanga saa kwa saa, mnauliza ni wapi tungeweza kufanya tofauti. Kwa nini majeruhi hafanyiwi hivyo?

Na kuna mmoja atakayenong'ona kwamba huyu mama anatafuta fidia. Sitafuti. Wala sitaki yule binti wa mapokezi aliyeandika "hali inaridhisha" aguswe. Nilimuuliza kazini ana muda gani, akasema wiki ya tatu. Nilimuuliza nani alimwonyesha kazi, akasema aliyekuwa zamu kabla yake, dakika chache, wakati wa kukabidhiana.

Ninachoomba kwenu ni hiki, na naomba kijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30.

Kila zamu iwe na kiongozi wa majeruhi, jina lake liandikwe ubaoni pale mapokezi kwa herufi kubwa ambazo hata ndugu wa mgonjwa atazisoma. Orodha ya ukaguzi ya majeruhi ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ni ukurasa mmoja, itafsiriwe Kiswahili na ibandikwe kwenye kila kitanda cha dharura: oksijeni, kifua, mishipa miwili mikubwa ya dripu, nyonga, uvujaji wa ndani, shingo na mgongo, joto la mwili, pepopunda, dawa ya maumivu. Isomwe kwa sauti kabla timu haijamwacha mgonjwa. Presha, mapigo na upumuaji vipimwe kila dakika 15 kwa majeruhi yeyote aliyegongwa na gari, hata kama anaongea na kuomba maji. Hasa akiomba maji.

Ile karatasi ya PF3 ing'olewe ukutani leo. Hiyo haihitaji siku 30. Asidi traneksamiki na chupa mbili za damu ya kundi O zikae palepale kwenye idara ya dharura, na ufunguo wa benki ya damu usitoke nje ya jengo na mtu yeyote kwenda popote. Watumishi wa dharura wapelekwe mafunzo ya siku tano kwa awamu, wa usiku wakianza. Kisha kila mwezi vifo vya majeruhi vipitiwe kikaoni, na mjumbe mmoja wa bodi anayewakilisha wananchi awepo.

Nilisoma mahali kwamba barua ya wazi haina adabu. Labda. Nilikwisha kuandika mbili zenye adabu, ziko masjala kwenu, jalada la rangi ya waridi.

Jumatatu ya kwanza baada ya siku hizo 30 nitafika ofisini kwa Mganga Mfawidhi saa 3 asubuhi kuchukua majibu. Nikiruhusiwa, nitashuka pia idara ya dharura nikawaonyeshe vijana wa zamu jinsi ya kufunga nyonga. Kanga nitakuja nayo mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu, mama mdogo wa marehemu

Nakala:
Mkuu wa Mkoa
Ofisi ya Mbunge
Baraza la Wauguzi na Wakunga
Chama cha madereva wa bodaboda, kijiwe cha njia panda